Bustani ya Mchoraji Kijijini Giverny

Msomaji wa pwani yetu, aliyezoea kuona maua mwaka mzima, hana budi kwanza kukumbuka jinsi baridi ya Ulaya ilivyo kali. Miezi mingi miti husimama mitupu na ardhi hufanana na kitu kilichokufa. Majira ya kuchipua yawadiapo, ua moja lililofunuka huwa kama barua ya mtu aliyedhaniwa amepotea. Furaha hiyo Claude Monet, mchoraji Mfaransa, aliijua sana. Lakini aghalabu husimuliwa kama kwamba ilikuwa furaha ya mzee aketiye kivulini na kutazama. Sivyo. Monet alikuwa mtumishi wa bustani yake, na mara nyingine mgomvi kwa ajili yake.

Alihamia kijiji cha Giverny, karibu na mto Seine, mwaka 1883. Alikuwa mpangaji mwenye shida ya fedha na watoto wanane nyumbani: wawili wake, na sita wa Alice Hoschedé, ambaye alimwoa mwaka 1892. Picha zake zilipoanza kupata bei aliinunua nyumba ile, mwaka 1890. Misonobari iliyotia kiza njia kuu ya bustani ikakatwa, ijapokuwa Alice aliipenda, na mahali pake yakasimamishwa matao ya chuma ya kupandishia mawaridi. Maua aliyapanga kwa rangi, kama mtu apangaye rangi juu ya kibao chake: safu ndefu za airisi za zambarau, tulipu zikichomoza juu ya vijiua vya buluu. Kwa hiyo mwezi wa Mei alipotoka na turubai yake, nusu ya kazi ya picha ilikuwa imekwisha kufanywa kwa jembe.

Mwaka 1893 alinunua kiwanja ng'ambo ya reli, akataka kuchepua maji ya kijito ili afanye bwawa la mayungiyungi. Hapo wanakijiji wakakataa. Maji yale ndiyo waliyofulia nguo na kunyweshea ng'ombe, na walihofu kwamba mimea ya kigeni ingeyatia sumu. Monet alikasirika, akamwandikia mkuu wa jimbo kuwa mimea hiyo ni ya kupendeza macho na ya kuchorwa tu. Mimi siwalaumu wanakijiji. Mtu ambaye riziki yake imo katika maji ana haki ya kuuliza macho ya nani yatapendezwa. Ruhusa ilitolewa mwaka uo huo, na hofu ya sumu haikutimia.

Ua hilo la yungiyungi, ambalo kwetu huota lenyewe mabwawani wala hakuna alishughulikiaye, Giverny lilipewa mtumishi wake: mtunza bustani aliyepita kwa mashua kuondoa majani yaliyooza na kusafisha uso wa maji. Motokaa zilipozidi kutimua vumbi la barabara juu ya maua, Monet alilipa kwa fedha zake mwenyewe barabara itiwe lami.

Kisha yakaja mambo yasiyozuiliwa na lami. Alice alifariki mwaka 1911. Mwaka 1912 waganga walimwambia Monet kuwa ana mtoto wa jicho. Mwaka 1914 mwanawe Jean alifariki, na vita vikaanza. Watu wengi walikimbia, yeye akabaki. Katika barua ya mwaka huo alikiri kuwa aliona haya kushughulika na umbo na rangi hali wengine wanateseka na kufa. Haya hiyo namheshimu nayo kuliko picha zake kadhaa. Hata hivyo aliendelea, na siku moja baada ya vita kusimama, Novemba 1918, alimwandikia rafiki yake Georges Clemenceau, waziri mkuu, kuitolea nchi picha mbili kuadhimisha ushindi.

Zawadi ikakua, na macho yakazidi kufifia. Alifikia kutegemea maandishi ya vibomba vya rangi ili ajue ipi ni ipi, na mwaka 1923 alipasuliwa jicho la kulia. Picha aliziahidi, lakini hakukubali ziondoke nyumbani. Kila mara aliona pahali pa kusahihisha. Alifariki tarehe 5 Desemba 1926. Mwezi wa Mei 1927 milango ya Orangerie mjini Paris ilifunguliwa, na mayungiyungi yake yakaonekana na watu katika kumbi mbili za duara-yai.