Moto wa Mei na moto wa Oktoba

Nimerudi chuo juzi toka Kibaoni. Babu kapoteza mizinga saba kwa moto wa Oktoba, ndo maana naandika hii.

Anasema zamani kule Mpimbwe walichoma mwezi wa tano, nyasi zikiwa bado na ubichi. Moto unatambaa chini, usiku unajizimikia. Usipochomwa mapema, nyasi zinangoja Oktoba, kavu kabisa.

Nikajua ni stori za wazee tu. Kumbe! Mwaka 1933 Waingereza walianzisha jaribio Ndola, Zambia ya leo, kwenye miombo kama ya kwetu: sehemu moja inachomwa mapema, nyingine mwisho wa kiangazi, nyingine haiguswi. Trapnell alitoa majibu 1959. Moto wa mapema uliiacha miombo imesimama. Ule wa kuchelewa uliimaliza, zikabaki nyasi.

Cha kushangaza, miaka hiyohiyo Swynnerton alikuwa anachoma pori la Shinyanga kwa makusudi, tena kwa moto mkali wa mwisho wa kiangazi, ili kuondoa mbung'o. Na huku magharibi, miaka ya 1920, serikali ilishahamisha watu vijiji kwa vijiji kwa ajili ya malale. Sasa watu wakishaondoka, nani anabaki kuchoma mwezi wa tano? Hili fomu foo hatukufundishwa.

Nikampigia babu, nikamsimulia Ndola. Akacheka: "Miaka 26 yote hiyo, mjukuu wangu? Si wangeuliza tu?"

Halafu akaomba hela ya mizinga mipya. Na boom bado halijatoka.