Damu imekata chooni, je, utumbo umepona? Fahamu kamera inavyotoa jibu

Umetumia dawa miezi kadhaa, damu chooni imekata na hamu ya kula imerudi. Wengi wakifika hapa huacha dawa na kuendelea na maisha. Kwa mwenye kolaitisi ya vidonda, hapo ndipo pa kuwa makini, kwa sababu utumbo unaweza kuwa bado umevimba wakati mwenyewe anajisikia fiti.

Ni ugonjwa gani huu?

Usiuchanganye na vidonda vya tumbo tulivyovizoea. Vile hukaa kwenye mfuko wa chakula au mwanzo wa utumbo mdogo. Kolaitisi ya vidonda hushika utumbo mpana. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa, kisha inaweza kupanda juu.

Dalili zake ni kuharisha damu na ute, tumbo kukata, kubanwa na haja mara kwa mara na kupungukiwa damu. Ugonjwa hutulia, halafu huamka tena.

Kwa nini kujisikia vizuri hakutoshi?

Mwongozo wa kimataifa uitwao STRIDE-II, uliotolewa 2021, unataka matibabu yaende kwa hatua. Kwanza dalili zitulie. Kisha vipimo vya damu na choo, kikiwemo cha kalprotektini, vishuke. Mwisho kamera ithibitishe kuwa ukuta wa ndani wa utumbo umepona.

Sababu ni kwamba ambao utumbo wao umepona kweli hawarudiwi na ugonjwa kirahisi, na uwezekano wa kufanyiwa upasuaji hupungua. Uvimbe unaokaa miaka mingi huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana. Ndiyo maana wagonjwa wengi hushauriwa kuanza uchunguzi wa saratani kwa kamera miaka 8 hivi baada ya dalili kuanza.

Daktari anatoa alama gani?

Kipimo hiki huitwa kolonoskopi. Mrija laini wenye kamera hupitishwa njia ya haja kubwa, na daktari huangalia utumbo kwenye skrini. Alama zinazotumika sana ni za Mayo:

- 0: utumbo uko kawaida au ugonjwa umelala
- 1: wekundu kidogo, mishipa ya damu haionekani vizuri
- 2: wekundu mkali na michubuko, mishipa haionekani
- 3: vidonda, na damu inatoka yenyewe

Tofauti ya 0 na 1 ni ndogo kwa macho, ila wenye 1 hurudiwa na ugonjwa zaidi.

Kamera za kisasa zinaongeza nini?

Kamera ya kawaida hutumia mwanga mweupe, na kuna mabadiliko inayoyapita. Teknolojia iitwayo NBI hutumia mwanga wa bluu na kijani, ambao hunyonywa na damu, hivyo mishipa midogo huonekana myeusi na wazi. Njia nyingine ni kunyunyizia rangi ya bluu ukutani ili mabonde na vinundu vijitokeze.

Mashine za hali ya juu zaidi hukuza picha mamia ya mara hadi seli zikaonekana. Mwaka 2017 watafiti walichapisha alama za PICaSSO, zinazosoma ukuta wa utumbo na mishipa yake kupitia picha hizi zilizoboreshwa.

Hata hivyo, mashine ya bei kubwa siyo sharti. Kamera ya kawaida, daktari mzoefu na kinyama kilichopelekwa maabara vinatoa jibu zuri. Kinyama kinaweza kuonyesha uvimbe ambao jicho halikuuona.

Ukiwa Iringa au Mbeya

Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ndiyo inayopokea rufaa za Nyanda za Juu Kusini. Kutoka Iringa mjini ni zaidi ya kilometa 300, kupitia Mafinga na Makambako. Kabla ya kukata tiketi, muulize daktari wako kipimo kinafanyika wapi, lini, na kama bima yako inakilipia.

Jipange hivi:

- Siku moja kabla ni vinywaji tu, na dawa ya kusafisha tumbo. Usiinywe ukiwa kwenye basi.
- Dawa za kuongeza damu zenye madini ya chuma husimamishwa siku kadhaa kabla. Uliza ngapi.
- Ukichomwa sindano ya usingizi, nenda na ndugu. Usiendeshe bodaboda wala gari siku hiyo.
- Beba ripoti na picha za kipimo cha zamani. Bila hizo daktari hana cha kulinganisha.

Angalizo: amiba

Huku kwetu kuharisha damu kunaweza kuwa amiba, kichocho au hata TB ya utumbo, na kwenye kamera magonjwa haya hufanana na kolaitisi. Dawa za steroidi kama prednisoloni zikitolewa kwa mwenye amiba zinaweza kumletea madhara makubwa, hata utumbo kutoboka. Kipimo cha choo na kinyama vitangulie.

Maswali 3 ya kumuuliza daktari

1. Alama yangu ni ngapi, na mara ya mwisho ilikuwa ngapi?
2. Kinyama kimesemaje?
3. Dawa ipi niendelee nayo, na kamera nyingine lini?

Usiache dawa kwa sababu damu imekata tu, na steroidi usizikatishe ghafla. Ukitoka damu nyingi, ukapata homa au tumbo likajaa na kuuma sana, wahi hospitali iliyo karibu siku hiyo hiyo.