Nani Aliyeshona Bawa?

Hatua ya tano haikukanyaga kitu. Nilikuwa nimekimbia hatua nne kushuka kilima cha mchanga cha Jockey's Ridge, pale Nags Head, pwani ya North Carolina, mikanda ikiniunganisha na glaida ya kuning'inia, mkufunzi akikimbia kando yangu ameshika kamba. Nikatupa mguu, nikakuta mchanga umeniacha. Labda mita moja na nusu, si zaidi. Nikaogopa, nikalivuta bomba la usukani kifuani badala ya kuliacha lijisawazishe, pua ya bawa ikainama, nikatua kwa tumbo mbele ya familia iliyokuwa inakula chakula cha mchana. Mtoto wao akapiga makofi.

Siku hiyo tulikuwa wanafunzi wanane. Rafiki niliyekwenda naye alikataa kukimbia juani. Yeye alichagua kuwa abiria, kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji, ambako mwalimu na abiria huning'inia chini ya bawa moja na kuvutwa angani na ndege ndogo hadi kamba iachiliwe. Alirudi ameona bahari yote. Mimi nilirudi na mchanga masikioni.

Kusubiri zamu ni sehemu kubwa ya mchezo huu, na nikisubiri huwa naangalia nguo. Mama yangu ni fundi cherehani, Tanga. Kwenye bawa, karibu na ncha ya kushoto, palikuwa na kiraka kilichoshonwa kwa mshono wa zigizaga, sawasawa kabisa, hakuna uzi ulioruka. Nikapiga picha nikamtumia. Kwake ilikuwa jioni. Hakuuliza kama niko salama. Alituma sauti: "Mshono safi huo. Nani kashona?"

Nikamuuliza mkufunzi. Hakujua.

Mimi nasoma historia, shahada ya uzamili, na juzi tu nilikuwa nimewasilisha darasani makala kuhusu fukwe hizi. Nilianza, kama kila mtu anavyoanza, na akina Wright, Wilbur na Orville, waliofika Kitty Hawk mwaka 1900 kutafuta upepo na mchanga laini wa kuangukia. Nikafika 17 Desemba 1903, sekunde 12, mita 37. Nikapata alama nzuri. Swali la mama lilinirudisha kwenye madaftari yangu mwenyewe, maana jibu la sehemu yake nilikuwa nalo na nilikuwa nimeliruka.

Mwaka 1900 Wilbur alikosa mbao za urefu alioutaka. Ikabidi mabawa yafupishwe, na kitambaa kilichokwisha kushonwa kule nyumbani kwao Ohio kikatwe na kushonwa upya. Cherehani aliyoitumia ilikuwa ya Addie Tate, mke wa Bill Tate, mwenyeji aliyempokea. Glaida ile ilirushwa zaidi kama tiara, imeshikwa kwa kamba, na kijana mmoja wa ukoo huo, Tom Tate, kwa kuwa alikuwa mwepesi, alipandishwa juu yake. Kwa hiyo, ukitaka kumtafuta abiria wa kwanza wa fukwe hizi, anza na yule kijana. Ndugu wale walipofunga safari ya kurudi waliiacha glaida mchangani. Addie akaenda akakivua kitambaa, sateni nzuri ambayo hapo kijijini isingepatikana, akawashonea binti zake wawili magauni.

Hilo halikuwemo kwenye makala yangu. Niliona ni kichekesho tu.

Karibu nusu karne baadaye, kule Virginia, mhandisi Francis Rogallo alitaka bawa lisilo na mifupa, la kitambaa kitupu kinachopata umbo lake kwa upepo. Waajiri wake hawakuvutiwa, akalifanyia kazi nyumbani na mkewe Gertrude, wakitumia feni kubwa kutengeneza upepo ndani ya nyumba. Tiara yao ya mwaka 1948 ilitoka kwenye mapazia ya jikoni, na aliyeishona ni Gertrude. Hataza ilitolewa 1951, na jina lililoandikwa kwanza ni lake. Nenda kaulize leo, utaambiwa "bawa la Rogallo", na mtu atakayetajwa ni mume.

NASA walilijaribu bawa hilo kwa ajili ya kurudisha vyombo vya angani, kisha wakachagua miavuli. Lililobaki likaokotwa na watu wa kawaida. Mwaka 1963, mjini Grafton, Australia, John Dickenson alilitengeneza kwa mbao na plastiki ya kufunikia mikungu ya ndizi, akaweka ile pembetatu ya usukani ambayo mimi niliivuta vibaya. Akina Rogallo wakahamia pwani hii hii, na shule ya kurukia ikafunguliwa kilimani 1974. Kilima chenyewe kingekuwa nyumba za kifahari kama si mama mmoja, Carolista Baum, aliyesimama mbele ya tingatinga mwaka 1973.

Nina sababu ya kuona aibu kwa hili. Nilipojaza fomu ya ufadhili, penye kazi ya mzazi niliandika "mama wa nyumbani". Hakuna aliyenilazimisha. Mama alikuwa ameshona sare za shule za nusu ya mtaa wetu, na ada yangu ilitoka chini ya sindano ile ile, Januari hadi Januari. Niliona neno "fundi" litanipunguzia heshima kwa wasomaji wa fomu. Sijawahi kumwambia.

Mchana, baada ya mruko wangu wa nne, ambao ulikuwa mruko kweli, sekunde kadhaa za kimya na mchanga ukipita chini kama maji, nilimpigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hicho kitambaa mita ngapi?"

Nilikuwa nimeuliza: kama mita za mraba 21. Nikamsikia anahesabu kwa kanga, maana ndicho kipimo chake.

"Vipande kumi na vinne. Doti saba. Na linabeba watu wangapi?"

"Hili mmoja. Makubwa yake wawili, mwalimu na abiria."

Akanyamaza kidogo.

"Uzi gani huo? Na sindano namba ngapi?"

Nikamwambia nitauliza. Halafu nikamwambia kuna fomu moja niliijaza vibaya, nataka kumwelezea, na mkufunzi akaita jina langu.