Sajili ya Kaya na Umiliki wa Msimbo: Historia ya Programu Huria katika Bonde la Kilombero, 1996–2015

Utangulizi

Mjadala kuhusu programu huria nchini Tanzania umezoeleka kuanzia kwenye bei. Huulizwa kama taasisi itaokoa fedha kwa kuacha kulipia leseni, na jibu hutolewa kwa hesabu ya mwaka mmoja wa bajeti. Swali hilo ni la haki kwa mhasibu. Kwa mwanahistoria halifiki mbali, kwa sababu maisha ya mfumo wa kompyuta hayapimwi kwa mwaka mmoja wa bajeti, na gharama kubwa kuliko zote hujitokeza pale ambapo mwenye programu anaamua kuiacha huku mtumiaji bado anaihitaji.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kupitia mfano mmoja wa Ifakara, yaani sajili ya kaya iliyoanzishwa mwaka 1996 kufuatilia vizazi, vifo na uhamiaji katika vijiji vya wilaya za Kilombero na Ulanga. Inadaiwa hapa kwamba kilichobadilika Ifakara kati ya mwaka 1996 na 2015 si bei ya programu bali nani aliweza kuirekebisha. Inadaiwa pia kwamba badiliko hilo halikuletwa na itikadi; lililetwa na uamuzi wa kibiashara uliofanywa Marekani na watu ambao hawakuwa na sababu ya kulifikiria bonde hili.

Ni vema istilahi ikafafanuliwa mapema. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake chanzo unapatikana, na leseni yake inaruhusu kusomwa, kubadilishwa na kusambazwa upya. Harakati hiyo ilianza mwaka 1983, Richard Stallman alipotangaza mradi wa GNU, naye aliijenga juu ya hoja ya uhuru wa mtumiaji. Mwaka 1998 kundi jingine lilibuni jina jipya la Kiingereza lililosisitiza uwazi wa chanzo, kwa nia ya kuzivutia kampuni ambazo neno uhuru liliziogopesha. Kiswahili kimeyabeba yote mawili katika neno huria, na pengine kimefanya vizuri, kwa kuwa Ifakara masuala hayo mawili hayakuweza kutenganishwa.

Kutoka daftari hadi kompyuta

Utafiti wa afya Ifakara una mizizi mirefu. Rudolf Geigy, mwanzilishi wa Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel, alifika mwaka 1949 mahali ambapo wamisionari Wakapuchini wa Uswisi walikuwa tayari wakitoa huduma za afya. Maabara ya kudumu ilifuata mwaka 1957. Mwaka 1996 kituo hicho kilipata hadhi ya taasisi ya Kitanzania chini ya bodi ya wadhamini, na mwaka 2008 kikachukua jina la Ifakara Health Institute. Tarehe ya katikati ndiyo yenye uzito hapa. Mwaka uleule ambao umiliki wa kisheria ulihamia Tanzania ndio mwaka ambao sensa ya kwanza ya sajili ilianza. Wakati majengo yakipata mwenye nyumba mpya, takwimu zake ziliingizwa katika chombo chenye mwenyewe mwingine.

Utaratibu wa sajili ulikuwa rahisi kuueleza na mgumu kuutekeleza. Mhojaji alifika katika kila kaya mara moja katika kila miezi minne, akiwa na daftari lililochapishwa majina ya wanakaya. Aliuliza nani amezaliwa, nani amefariki, nani ameingia na nani ametoka. Daftari lilirudi Ifakara, na makarani wakaingiza mabadiliko kwenye kompyuta. Programu iliyapokea au kuyakataa. Mtu aliyeandikwa kuwa amefariki hakuweza kuhama katika mzunguko uliofuata, wala mtoto hakuweza kuzaliwa na mama asiye katika orodha bila maelezo.

Ugumu ulitokana na mpunga. Familia nyingi za bondeni zina nyumba kijijini na kibanda shambani, na msimu wa mvua unapofika watu huhamia kwenye uwanda wa mafuriko, wakalima, wakalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na kurudi baada ya mavuno. Mtu huyo ni mkazi au ni mhamiaji? Kanuni ya ukaazi ilisimama kwenye miezi minne, ilhali kazi ya shamba inaweza kumweka mtu huko kwa muda usiopungua huo. Kwa mhojaji hili lilikuwa suala la busara na la kuuliza majirani. Kwa programu lilikuwa mstari wa msimbo. Anayeruhusiwa kuubadilisha mstari huo ndiye anayeamua nani anahesabiwa kuwa mkazi wa Kilombero, na uzito wa kauli hiyo unaonekana katika matumizi ya takwimu zenyewe.

Mradi wa vyandarua wa KINET, uliotekelezwa bondeni kuanzia mwaka 1997, uliitegemea sajili hii kupima matokeo yake. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 katika jarida la Lancet yalionesha kwamba vyandarua vyenye viuatilifu viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Asilimia hiyo ni uwiano, na kizio chake ni watoto walioorodheshwa. Anayehesabiwa na asiyehesabiwa wote wamo ndani yake.

FoxPro na mwisho wake

Programu iliyotumika Ifakara haikutungwa Ifakara. Ilitokana na mfumo wa usajili wa kaya uliobuniwa kwa ajili ya kituo cha Navrongo, kaskazini mwa Ghana, kwa msaada wa shirika la Population Council, ukasambazwa katika vituo vingine vya Afrika na Asia ambavyo mwaka 1998 viliunda mtandao wa INDEPTH. Wabunifu wake waliweka kiini cha pamoja chenye kanuni za demografia, kisha kila kituo kikaongeza maswali yake. Kwa maana hiyo roho ya ushirikiano ilikuwepo kabla ya jina la programu huria kusikika bondeni, na wanaoiandika historia hii kana kwamba uhuria uliingia Ifakara siku ya kwanza ya kutumia vishikwambi wanakosea.

Kasoro ilikuwa chini zaidi. Kiini hicho kiliandikwa kwa FoxPro, lugha na hifadhidata ya kampuni ya Fox Software ya jimbo la Ohio, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 1992. Vituo viligawana kanuni, lakini udongo zilimopandwa ulikuwa wa mtu. Mwaka 2007 Microsoft ilitangaza kwamba hapatakuwa na toleo jingine baada ya la 9, na huduma yake ya ukarabati ilikoma Januari 2015.

Kampuni hiyo haikuvunja sheria wala mkataba. Bidhaa ilikuwa yake, na wateja wake wengi walikuwa wameshahamia kwenye zana nyingine. Lakini kwa sajili ya muda mrefu tangazo hilo lilikuwa na maana tofauti na ile ya duka au benki. Duka linaweza kufunga hesabu za mwaka na kuanza upya kwenye programu nyingine. Thamani ya sajili ya kaya imo katika kutokatika kwake: mtoto aliyeandikwa mwaka 1997 ana faida kwa utafiti iwapo tu anaweza kufuatwa hadi anapokuwa mama mwaka 2015, kwa namba ileile na chini ya kanuni ileile. Aliyenunua chombo cha miaka mitano kwa kazi ya miaka hamsini amejiwekea deni, hata kama chombo chenyewe alipewa bure.

Hoja ya wahandisi wa mitandao

Katika kipindi hichohicho wahandisi wa mitandao wa Afrika Mashariki walikuwa wamefikia msimamo wao kwa njia nyingine, na wengi wao hawakuwa na habari za sajili za kaya. Warsha za AfNOG, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 na kufanyika Dar es Salaam mwaka 2011, ziliwafundisha kuendesha barua pepe, majina ya vikoa na uelekezaji wa data kwa mifumo huria kama FreeBSD na Linux. Sababu ilikuwa ya kikazi. Seva inapokwama usiku wa manane, mhandisi anahitaji kusoma kinachoendelea ndani yake, wala hawezi kungoja ofisi ya muuzaji ifunguliwe katika bara jingine.

Mfano ulio wazi zaidi nchini ni usajili wa vikoa vya .tz. Kazi hiyo ililelewa awali katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 2006 kikaundwa chombo maalumu, tzNIC, kwa ushirikiano wa mamlaka ya mawasiliano na chama cha watoa huduma za intaneti. Badala ya kununua mfumo wa kibiashara, tzNIC ilichukua FRED, mfumo huria ulioandikwa na msajili wa vikoa wa Jamhuri ya Cheki. Anuani ya kila benki, wizara na chuo inayoishia na .tz inapita humo. Hoja kwamba programu huria haifai kwa biashara nzito inapata shida kusimama mbele ya jambo hilo.

Hata hivyo msimamo wa wahandisi hao una udhaifu ambao wao wenyewe huutaja mara chache. Wanasema programu huria haina gharama ya leseni, nao wanasema kweli. Ila mshahara wa anayeijua hauhesabiwi katika safu hiyo. Taasisi ya Dar es Salaam inaweza kumpata mtu huyo, na akiondoka ikampata mwingine. Ifakara ipo mamia ya kilomita kutoka hapo, na kabla ya daraja la Mto Kilombero kukamilika katika miaka ya 2010, safari ya kwenda upande wa Ulanga ilikuwa ya kivuko. Fundi mmoja akihama, uhuru wa kusoma msimbo unabaki kwenye karatasi. Jambo hilo lilishaonekana katika Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ya Kiswahili iliyotolewa Dar es Salaam mwaka 2004 na mradi wa Kilinux. Leseni yake ilimruhusu yeyote kuiendeleza, lakini tafsiri ya programu inahitaji mtu wa kuifuatisha na kila toleo jipya, na leseni haimlipi mtu huyo.

OpenHDS na mipaka ya uhuria

Mwanzoni mwa muongo wa 2010 sajili ya Ifakara ilihamia OpenHDS, mfumo huria uliojengwa kwa Java na hifadhidata ya MySQL, na madaftari yakaanza kupisha vishikwambi vilivyotumia fomu za Open Data Kit. Mhojaji sasa alibeba orodha ya kaya mkononi, na kosa lililokuwa likigunduliwa na karani siku kadhaa baadaye liliweza kukataliwa mbele ya mwenye nyumba. Kisiwani Rusinga, upande wa Kenya wa Ziwa Victoria, mfumo huohuo ulianza kutumika mwaka 2012, na vituo hivyo viwili viliweza kufaidi marekebisho yaleyale.

Ni rahisi kuisoma hatua hii kama ukombozi. Usomaji huo unapaswa kupunguzwa makali. Miongoni mwa waanzilishi wa OpenHDS alikuwemo Bruce MacLeod wa Chuo Kikuu cha Southern Maine, ambaye jina lake limo pia katika historia ya mfumo wa Navrongo, na sehemu kubwa ya maendelezo ilifanywa kwa ushirikiano na Basel. Msimbo ulikuwa wazi kwa kila mtu, ila walioweza kuuandika walikuwa wachache, na wengi wao hawakuishi bondeni. Jiografia ya ujuzi wa mwaka 2013 ilifanana kuliko inavyodhaniwa na ile ya mwaka 1996.

Tofauti ya kweli inaonekana pale mmiliki anapobadilika. Wakati Ifakara inahama, MySQL yenyewe ilikuwa imekwishabadili mikono: Sun Microsystems iliinunua mwaka 2008, na Oracle ikainunua Sun mwaka 2010. Kwa mtumiaji wa FoxPro habari ya namna hiyo mwaka 1992 ilikuwa ya kungoja na kuona. Kwa mtumiaji wa MySQL ilikuwa na jibu, kwa kuwa mwaka 2009 mmoja wa waanzilishi wake alichukua msimbo uleule na kuanzisha MariaDB, inayosoma data zilezile. Hakuna aliyehitaji kuomba ruhusa Ohio wala California.

Wapo watakaosema kwamba haya ni mambo ya taasisi yenye wafadhili, na hayamhusu mfanyabiashara wa kawaida. Katika kata ya Michenga, ndani ya Mji wa Ifakara, kama kwingineko nchini, mkulima anaweza kupokea malipo ya mpunga kwa simu ya Android, ambayo kiini chake ni Linux. Ameshaingia katika uchumi wa programu huria bila kuulizwa. Lakini sehemu inayobeba fedha zake, yaani mfumo wa kampuni ya simu, hawezi kuisoma yeye wala mhandisi wa Ifakara. Tabaka moja ni wazi na lililo juu yake limefungwa, kinyume kabisa na hali ya sajili ya mwaka 1996, ambapo kanuni zilikuwa za wote na lugha ilikuwa ya mmoja.

Swali la kibanda cha shambani lilivuka kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Katika OpenHDS kanuni za ukaazi zimo katika msimbo ambao ofisi ya data ya Ifakara inaweza kuufungua, kuusoma na kuubishia. Ikiubadilisha, hata hivyo, idadi ya wakazi baada ya tarehe hiyo haitalingana tena na ya kabla yake, wala na ya Rusinga.