Aina, spishi na mbuni mmoja

Muulize mkulima wa Aveba, huko Irumu nchini Kongo, tofauti ya mibuni miwili, atakujibu, "Ni aina mbili." Neno moja limemtosha. Wataalamu wa mimea hawatosheki: wana spishi, chini yake nususpishi, chini zaidi ndiyo aina.

Mbuni mmoja wa mwitu wa Kongo umepanda na kushuka ngazi hiyo. Mwaka 1899 uliitwa Coffea dewevrei, kumkumbuka Alfred Dewèvre, Mbelgiji aliyekusanya mimea Kongo akafia huko 1897. Baadaye ukashushwa kuwa aina tu ya Coffea liberica, kana kwamba ulizaliwa Liberia! Mwaka 2025 utafiti wa jeni ukaurudishia hadhi ya spishi. Sokoni wanauita ekselsa.