Mshamba wa Sinema Anatoka Kwetu

Kama umewahi kubanana kwenye benchi la banda la video pale Mwanjelwa, Mbeya, basi picha za vijana unazijua hata kabla hazijaanza. Kuna mtoto wa tajiri mwenye gari. Kuna kijana choka mbaya mwenye kipaji. Huyo ndiye stelingi, kwa hiyo hafi. Kuna mwanafunzi mrembo anayehongwa chipsi na lifti mpaka apate mimba. Halafu kuna msichana wa kazi: kajifunga kanga kifuani, anashangaa friji, anaongea kwa lafudhi ya kwetu. Akiulizwa katokea wapi anajibu Iringa, na banda zima linaangua kicheko.

Na mimi nilikuwa nacheka. Mimi ni mzaliwa wa Iringa, nimemaliza kidato cha nne, naishi Mbeya na naandika riwaya yangu ya kwanza. Mwaka jana niliupeleka mswada nyumbani Kihesa ili dada yangu ausome. Ndani yake mlikuwa na binti wa kazi anayevunja sahani na kutega sikio mlangoni. Sasa, dada yangu huyo alifanya kazi za ndani Dar es Salaam miaka minne, tangu alipomaliza darasa la saba. Alisoma, akafunga daftari, akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, huyu ulimwona wapi?" Nilikosa jibu. Nilikuwa nimemwona kwenye video tu.

Ndipo nikaanza kufuatilia huyu mshamba alikotoka. Kumbe ana umri kuliko baba zetu!

Mwaka 1952, enzi za Mwingereza, ilipigwa hapa Tanganyika sinema ya Kiswahili iitwayo Muhogo Mchungu. Stelingi wake alikuwa kijana Rashidi Kawawa, yule yule aliyekuja kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962. Alicheza mtu wa shamba anayeingia mjini na kuingizwa mjini. Serikali ya kikoloni haikupenda kuona vijana wakikimbilia mjini, na picha ile iliwaonya. Hata hivyo, pamoja na kumcheka mshamba, hadithi ilikuwa yake.

Baada ya Uhuru, mwaka 1968, likaundwa shirika letu la filamu, Tanzania Film Company. Miaka ya 1970 likatoa Fimbo ya Mnyonge. Kijana anaacha kijiji, anakwenda mjini kutafuta kazi, anasota, na mwishowe anapata heshima katika kijiji cha ujamaa. Serikali nyingine, funzo lile lile: rudi shamba. Lakini mshamba bado ndiye stelingi.

Mambo yakageuka baada ya hapo. Mwaka 1994 ITV ilianza kurusha matangazo, na maigizo yakaingia sebuleni. Kamera za video zikapungua bei. Mwaka 2003 George Tyson akatoa Girlfriend, wakacheza wanamuziki wa Bongo Fleva kina TID. Kijana wa mjini akajiona kwenye kioo, na ilikuwa haki yake. Ila picha sasa zilitengenezwa na wafanyabiashara. Hao hawakuwa na haja ya kumrudisha mtu shamba. Walitaka mnunuzi acheke. Hadithi ilipohamia kwenye masofa, mshamba akahamishiwa jikoni.

Kwa nini atoke Iringa? Hilo nalo lina historia. Wakati wa ukoloni Wabena na majirani zao walisombwa kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Baadaye mabinti wa nyanda hizi wakafuata njia ya kuelekea Pwani, safari hii kwenye majiko ya watu. Kwa hiyo ni kweli kwamba wengi wametoka kwetu. Uongo ni kwamba walitoka bila akili.

Mwanafunzi mwenye mimba naye ni hivyo hivyo. Zamani picha iliishia pale alipofukuzwa shule, na kweli ndivyo ilivyokuwa. Lakini tangu Novemba 2021 serikali inamruhusu arudi darasani baada ya kujifungua. Mbona katika hadithi zetu bado anaishia kulia getini?

Sisemi tuzitupe sura hizi zote. Marekani mwaka 1985 walitoa The Breakfast Club: wanafunzi watano, kila mmoja na chapa yake, mmoja bingwa wa michezo, mmoja kichwa cha darasa, mmoja mkorofi. Wanafungiwa shuleni siku nzima kwa adhabu, na kadiri wanavyoongea chapa zinabanduka. Kuanza na chapa si kosa. Kosa ni kufika mwisho wa hadithi bado imebandikwa.

Nilirudi Kihesa na daftari jipya, nikamwomba dada asimulie. Akaniambia alikuwa akiamka saa kumi na moja alfajiri, akiwasha jiko huku anahesabu: bado miezi saba, bado sita, cherehani. Siku alipoteremka basi pale Ipogolo, cherehani alikuwa nayo. Ndiyo inayotulisha nyumbani mpaka leo.

Ule mswada nimeuweka kando. Sura ya kwanza ya mpya inaanzia jikoni, saa kumi na moja alfajiri. Wewe mwandishi mwenzangu, yule msichana wa kazi kwenye hadithi yako ulimwona wapi?