Breki za Motokaa: Tangu Fito za Chuma Hata Mabomba ya Mafuta

Mtu akitaka kununua gari kuukuu huuliza kwanza habari za mashine: je, yawaka upesi, yanywa petroli kiasi gani, yaweza kupanda mlima na mzigo? Ni maswali mazuri. Walakini gari lisilowaka halimdhuru mtu; hukaa tu uani, na kuku wakapata kivuli. Gari lisilosimama ndilo liuwalo. Basi leo twataka kusimulia historia ya breki, na jinsi wenye magari ya zamani walivyozibadili kwa mikono yao wenyewe. Tutachukua magari ya Ford ya Marekani kuwa mfano wetu, kwa kuwa yalikuwa mengi mno, na kwa kuwa kampuni hiyo ilikuwa ya mwisho katika makampuni makubwa ya huko kuiacha breki ya fito.

Henry Ford alianza kuuza gari liitwalo Model T mwaka wa 1908. Hata lilipokoma kutengenezwa, mwaka wa 1927, yalikuwa yametoka magari milioni 15, na mengine yalivuka bahari yakafika Afrika ya Mashariki. Gari hilo lilikuwa na pedali tatu, na ile ya kulia ndiyo ya breki. Lakini breki yenyewe haikuwa katika magurudumu. Ilikuwa mshipi uliokaza ndani ya sanduku la gia, na nguvu ya kusimamisha ilipita katika mhimili ule ule uendeshao magurudumu ya nyuma. Mhimili ukikatika, pedali ile haikuwa na kazi tena. Palikuwa na mkono wa kuvuta ulioshika magurudumu ya nyuma peke yake. Ya mbele hayakuwa na breki hata kidogo.

Tusiwacheke watu wale. Barabara zao zilikuwa za udongo, na mwendo wa gari ulikuwa mdogo. Mwendo ulipozidi, ndipo shida ilipotokea, kwa maana nguvu ya kulizuia gari haizidi sawasawa na mwendo. Gari lisimamalo kwa hatua 10 likienda maili 20 kwa saa, litataka hatua 40 likienda maili 40. Tena gari likizuiwa, uzito wake huinamia mbele, kama mchukuzi asimamapo ghafula na mzigo kichwani; basi magurudumu ya mbele ndiyo yawezayo kufanya kazi kubwa zaidi, nayo ndiyo yaliyoachwa bila breki.

Ford alipotoa gari jipya, Model A, mwezi wa Desemba mwaka wa 1927, alitia breki katika magurudumu yote manne. Ndani ya kila gurudumu mlikuwa na kikombe kikubwa cha chuma, ambacho mafundi hukiita drami, na ndani ya drami viatu viwili vya breki vilivyopinda kama mwezi mchanga. Kutoka pedali zilikwenda fito za chuma chini ya gari. Dereva akikanyaga, fito huvuta, viatu hufunguka na kusugua drami. Breki hizo zilikuwa nzuri, ila zilitaka kutunzwa sana. Vijiti vya viungo vikilika kidogo, au tope likikauka mahali, gurudumu moja hushika kabla ya jingine, na gari huvutwa upande. Kuzisawazisha zote nne ni kazi ya fundi mwenye subira, na baada ya miezi michache hana budi kuirudia.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imekwisha patikana. Katika karne ya 17 mtaalamu wa Ufaransa, Blaise Pascal, alionyesha kwamba maji yakifungwa katika chombo na kukazwa mahali pamoja, mkazo ule huenea sawa kila upande. Mwaka wa 1917 Malcolm Loughead wa California, aliyekuwa akiunda ndege pamoja na nduguye Allan, alipata hati ya uvumbuzi wa breki zitumiazo kanuni hiyo. (Jina lao husomwa Lockheed, na baadaye likaandikwa hivyo.) Pedali husukuma silinda kuu iliyojaa mafuta ya breki, mafuta hupita katika mabomba membamba mpaka silinda ndogo ndani ya kila gurudumu, nazo husukuma viatu. Hapana haja ya kusawazisha fito, kwa sababu mafuta hujisawazisha yenyewe. Gari la Duesenberg lilikuwa nazo mwaka wa 1921, lakini hilo lilikuwa la matajiri. Chrysler alizitia katika gari la bei ya kadiri mwaka wa 1924, na Chevrolet, mshindani mkubwa wa Ford, akafuata mwaka wa 1936.

Ford hakukubali. Matangazo yake yalijivunia chuma kitupu kutoka pedali mpaka gurudumu, na ingawa mwanawe Edsel alitaka breki za mafuta, mzee alizikataa mpaka magari ya mwaka wa 1939. Wengi wameandika kwamba ulikuwa ukaidi wa mzee tu. Sisi twaona ukaidi ulikuwapo, lakini hofu yake haikuwa ya bure. Ufito mmoja ukikatika, gurudumu moja hukosa breki, na mengine matatu yabaki. Bomba moja likipasuka, mafuta yote humwagika, na pedali huzama mpaka sakafuni bila kushika hata gurudumu moja. Breki za mafuta za siku zile zilikuwa na silinda kuu moja na njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote. Dereva alibakiwa na breki ya mkono, nayo hushika ya nyuma tu.

Hata hivyo watu hawakungoja. Vijana wa California, waliokuwa wakishindana kwa mwendo katika mabonde makavu ya ziwa kama Muroc, waligundua kwamba breki za mafuta za Ford za miaka ya 1939 hadi 1948 zaweza kufungwa katika magari ya Ford ya zamani kwa kazi kidogo tu ya fundi. Wakatoa fito, wakatia silinda. Kazi hiyo bado yafanywa mpaka leo na wapendao magari hayo, nayo ndiyo tunayotaka kuieleza, kwa maana wengi hutazama drami na silinda wakasahau bomba.

Bomba la breki ni jembamba, kama robo tatu tu ya upana wa kalamu ya risasi, nalo hupita chini ya gari, mahali pa maji, tope na mawe. Aliyekaa pwani ajua jinsi hewa ya chumvi ilavyo mabati ya nyumba. Huko Marekani na Ulaya watu humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula mabomba. Lakini adui mwingine yu ndani. Mafuta ya breki yatumikayo sana hunywa maji kutoka hewani kidogo kidogo. Maji hayo hutia kutu bomba na silinda, tena hushusha kiwango cha kuchemka. Mafuta ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya digrii 205. Yakisha kunywa maji, kiwango hicho chaweza kushuka mpaka 140. Yakichemka, mvuke huingia bombani. Na mvuke, tofauti na mafuta, hushindilika, basi pedali huwa laini chini ya mguu. Na asijaribu mtu kutia mafuta ya mashine mahali pa mafuta ya breki: huharibu mipira ya silinda zote.

Kwa hiyo fundi mwema akibadili breki hubadili mabomba yote, asiunge kipande kipya na kikuukuu. Hutumia bomba la chuma la kuta mbili, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli usioshika kutu upesi. Shaba tupu huchoka kwa mtikisiko ikapasuka. Mwisho wa bomba hupanuliwa na kukunjwa mara mbili, ili mdomo wake usipasuke ukikazwa. Mipira ipelekayo mafuta kwenye gurudumu nayo hubadilishwa, hata kama nje yaonekana mizima, kwa sababu huvimba ndani: mafuta huingia kwa nguvu ya mguu yakashindwa kurudi, na breki ikashika bila kuachia.

Hofu ya Henry Ford ilipata jibu baada ya miaka mingi. Mwaka wa 1962 Cadillac na American Motors walitia silinda kuu yenye vyumba viwili, kimoja cha magurudumu ya mbele na kimoja cha nyuma. Tangu tarehe 1 Januari 1968 sheria ya Marekani ikataka kila motokaa mpya iwe na njia mbili za namna hiyo. Kwa gari la zamani, kama fedha za mwenyewe zatosha jambo moja tu, sisi twaona silinda hiyo ndiyo itangulie.

Wengi hutamani diski kwanza, nazo ni breki bora. Frederick Lanchester wa Uingereza alipata hati ya breki ya diski mwaka wa 1902, lakini sifa zake zilienea hasa mwaka wa 1953, Jaguar waliposhinda mashindano ya Le Mans kwa diski za Dunlop. Drami ikipata moto hupanuka ikajitenga na viatu. Diski iko wazi, hupoa kwa upepo. Lakini diski hazisaidiwi na mzunguko wa gurudumu kama viatu vingi vya drami, basi hutaka mkazo mkubwa zaidi. Tena silinda kuu nyingi za drami zina kijilango kizuiacho mkazo kidogo ubaki bombani. Kikiachwa pale, pedi za diski huendelea kusugua njia nzima mpaka zikaungua. Na nguvu ya nyuma ipunguzwe, ili magurudumu hayo yasijifunge kwanza na mkia wa gari ukazunguka mbele.

Yote yakisha fungwa, fundi hutoa upepo bombani, kwa kawaida akianza na gurudumu lililo mbali na silinda kuu. Mmoja hukanyaga pedali, mwingine hulegeza skrubu mpaka mafuta yatoke bila povu. Kisha mkanyagaji hushikilia kwa nguvu zote, na mwenzake hulala chini ya gari na taa, akipapasa kila kiungo kwa kidole kikavu, akitafuta unyevu.